Oili inadondoka chini ya gari, fundi anataka kushusha gia boksi: nimkubalie?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tabata, Dar es Salaam, naendesha Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia za mkono. Tangu mwaka jana gari inadondosha oili. Mwanzo ilikuwa doa dogo tu pale ninapopaki, sasa hivi doa limefika ukubwa wa sahani na kila baada ya wiki mbili naongeza karibu nusu lita. Gereji ya kwanza wakabadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haikusaidia kitu. Gereji ya pili fundi kaingia chini, kaangalia dakika chache, katoka anasema ni oili sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili kwenye shafti kubwa ya injini upande wa gia boksi, lazima gia boksi ishuke, na ikishashuka tubadilishe na klachi kabisa. Hela anayotaja kwangu ni ada ya mtoto ya muhula mzima. Na kweli nikichungulia oili naiona pale injini inapokutana na gia boksi, sasa sijui nibishe nini. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Usimkubalie bado. Sisemi fundi wako ni mwongo, inawezekana kabisa sili ya nyuma imechoka maana gari ina zaidi ya miaka 25, lakini kuangalia dakika chache ukiwa umelala chini hakutoshi kumwambia mtu atoe ada ya mwanae.

Kitu cha kwanza uelewe ni kwamba mara nyingi oili haivujii pale unapoiona. Oili inatoka juu, inateremka ukutani mwa injini, inafuata kila ukingo inaoukuta, afu ukiwa barabarani upepo unaoingia mbele unaisukuma nyuma na pembeni, mwisho wa siku inakusanyika sehemu ya chini kabisa na kudondokea hapo. Ndo maana gasketi ya sampu inasingiziwa kila siku, kwa sababu sampu iko chini na kila tone la injini nzima linapita kwake kabla ya kuanguka. Wewe umeshaibadilisha na oili bado inadondoka, maana yake hela ya kwanza ilienda kwenye kitu ambacho pengine hakikuwa na kosa.

Sasa njoo kwenye injini yako ya 5A, na hii inawahusu pia wenye 4A na 7A, maana ni ukoo mmoja. Fungua boneti usimame mbele ya gari. Ile distributa, ile yenye waya nene za plagi zinazotoka kichwani kwake, imechomekwa kwenye ncha ya silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, upande wa gia boksi, inazungushwa na kemshafti, shafti inayofungua valvu. Pale inapoingia kwenye hedi kuna oringi, mpira wa duara mwembamba, ndo unaozuia oili ya juu isitoke. Mpira ule ukishakaa miaka 20 kwenye joto la injini unakuwa mgumu kama plastiki, ukiutoa na kuukunja unakatika. Ukishakuwa mgumu hauzibi tena, oili inatoka polepole, inateremka nyuma ya hedi, inapita kwenye bloku, inaingia kwenye maungio ya injini na gia boksi, inadondokea chini kabisa. Yaani palepale ambapo sili ya nyuma ya krenki ingedondoshea! Ukiwa chini ya gari na tochi huwezi kuzitofautisha hata kidogo, lazima uangalie kutokea juu.

Hili nalijua kwa uchungu. Nilipoanza kujitegemea aliniletea Carina mwalimu mmoja, oili inadondoka sehemu hiyohiyo yako. Nikamwambia sili ya nyuma, nikashusha gia boksi, nikatoa klachi na flaiwili, na sili nikaikuta kavu, ina vumbi kavu la klachi pembeni yake, hakuna unyevu wowote. Vumbi kavu lilikuwa linaniambia wazi kwamba oili haikupita hapo lakini nikaona nimeshafika, nikaweka sili mpya nikarudisha. Siku ya tatu mwalimu karudi na doa lilelile. Nilipoangalia juu distributa ilikuwa inalia machozi kwa chini. Mpira wa bei ya soda! Nilimrudishia hela ya kazi na tangu siku hiyo gereji kwangu hakuna gia boksi inayoshuka kwa ajili ya oili kabla injini haijaoshwa.

Kwa hiyo anza kwa kuosha. Injini ikiwa ya baridi, funika distributa na olteneta kwa mifuko ya nailoni, chukua dawa ya kuoshea injini au sabuni ya maji iliyo kali kidogo na brashi, sugua kuanzia juu kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, mpaka chini kwenye sampu, suuza kwa maji ya kopo. Usitumie petroli, watu wameungua kwa sababu hiyo, na usipige maji ya presha kwenye waya. Iache ikauke kabisa, uwashe, izunguke barabarani dakika kumi, urudi uzime na uiache ipoe.

Afu chukua poda ya mtoto, ileile ya dukani, weka kidogo kwenye kiganja au kwenye kitambaa chepesi uipulizie pale unapopashuku, yaani chini ya distributa, ukingo wa tapeti kava kuzunguka, maungio ya gia boksi, kandokando ya swichi ya presha ya oili na filta. Sehemu yote itakuwa nyeupe. Endesha tena, safari hii mbali kidogo, nusu saa hivi, ukirudi fungua boneti na tochi. Pakavu poda itabaki nyeupe, penye kuvuja utaona mstari wa kahawia umechora njia yake kutoka juu kwenda chini, na ncha ya juu kabisa ya ule mstari ndo chanzo. Sio pale penye oili nyingi, ni pale panapoanzia. Hiki ndo kitu nataka ukishike kuliko vyote ninavyokuandikia leo. Usiku laza boksi lililofunguliwa chini ya gari, asubuhi angalia tone limeanguka wapi ukilinganisha na magurudumu.

Ukikuta mstari unaanzia distributa, kazi ni ya saa moja au mbili. Kabla fundi hajalegeza boliti yoyote mwambie apige alama, mstari mmoja kwa kalamu nyeupe uvuke kutoka kwenye mwili wa distributa mpaka kwenye hedi, kwa sababu distributa ikizungushwa hata kidogo taiming ya moto, yaani wakati plagi inapotoa cheche, inabadilika na gari itakosa nguvu au itagonga. Ikishatoka, injini isizungushwe. Oringi ya zamani itolewe kwa kijiti, sio kwa bisibisi kali inayochuna alumini, mfereji usafishwe, mpya ipakwe oili safi kidogo ndo iingie. Ikirudi kwenye alama yake mshukuru, ila aliyekamilika atapima kwa taa ya taiming. Kwenye injini hizi inatakiwa digrii 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na waya wa kuunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 ukiwa umewekwa kwenye kile kisanduku cha kupimia chini ya boneti. Bila kuunganisha hizo mbili kompyuta inajirekebisha yenyewe na namba utakayoiona sio ya kweli.

Na fungua kifuniko cha distributa pia uchungulie. Ukikuta oili ndani, basi sio oringi ya nje tu, sili ya ndani ya shafti nayo imekufa, na hiyo ni kazi nyingine, wengi wanaishia kutafuta distributa nyingine iliyotumika. Ukienda kwa wauza spea wa Gerezani au Shauri Moyo nenda na ya kwako mkononi mlinganishe soketi na saizi, usinunue kwa maneno.

Kabla ya kufunga hesabu kuna kitu kingine ambacho mafundi wengi wanakiruka na kinaniuma, valvu ya PCV. Ni kidude kidogo kimechomekwa juu ya tapeti kava kwenye mpira, kina paipu inayoenda kwenye manifodi ya hewa. Kazi yake ni kuitoa hewa inayopenya kwenye ringi za pistoni ikaingia kwenye tumbo la injini. Ikiziba ile hewa haina pa kutokea, presha inapanda ndani, na inasukuma oili itoke kwenye kila sili iliyo dhaifu. Unaweza kuweka sili mpya kila mahali na baada ya miezi michache zikaanza kutoka jasho upya. Ichomoe, itikise karibu na sikio, nzima inalia kwa ndani kama njegere kwenye kopo, iliyoziba inanyamaza. Pima na hivi: injini ikiwa sailensa fungua kifuniko cha kujazia oili uweke kipande cha karatasi juu ya tundu, karatasi ikivutwa taratibu ni vizuri, ikirushwa juu na moshi ukatoka, aidha PCV imeziba au ringi zimechoka.

Ukishaosha, ukaweka poda, na juu kote ni pakavu, pamebaki peupe, na unyevu unaanzia palepale kwenye maungio, hapo fundi wako atakuwa sahihi na mimi nitamtetea. Lakini mwambie anuse kwanza. Oili ya gia boksi ya mkono ina harufu kali inayokaa puani, ya injini haina hiyo harufu. Kama inayotoka ni ya gia boksi basi sili ni ya shafti ya gia boksi, sio ya krenki, ingawa zote zinahitaji kushusha. Na kuhusu klachi hajakudanganya, kazi kubwa ni kushusha na kupandisha, kwa hiyo kama diski imekaribia kuisha ni busara kubadilisha siku hiyohiyo na sili zote mbili. Akishashusha muombe akuite uione sili kabla hajaitoa. Yenye kuvuja utaikuta imeloa na oili imejichora chini yake.

Wakati unajipanga, pima oili kila wiki asubuhi gari ikiwa sehemu tambarare. Alama ya chini mpaka ya juu kwenye stiki ni karibu lita moja, usisubiri ifike chini. Na ikitokea taa nyekundu ya oili imewaka ukiwa njiani, simama hapohapo, uzime, hata kama nyumbani ni kona ya pili.

Swali: Habari fundi, mimi ni mama, niko Morogoro, nina gari aina hiyohiyo ya 5A. Yangu haidondoshi chini kabisa ila nikikaa kwenye foleni nasikia harufu ya kitu kinaungua na juzi moshi mwembamba ulitoka kwenye boneti mpaka watoto wakaogopa. Pia asubuhi inamisi kidogo. Fundi wa mtaani kaniambia ni kawaida kwa gari ya zamani.

Jibu: Hapana mama, sio kawaida, na kati ya barua zote za leo yako ndo ya haraka. Hiyo kwa dalili zako ni gasketi ya tapeti kava. Inavuja pembeni oili inadondokea kwenye manifodi ya ekzosi ambayo iko chini yake tu, chuma kile kina joto kali, oili inaungua hapohapo ndo maana huoni tone chini. Ukiwa unatembea upepo unaipeperusha harufu, ukisimama foleni inaingia kwenye matundu ya hewa mpaka ndani. Oili nyingi ikikutana na manifodi iliyopata moto inaweza kuwaka, kwa hiyo usiipeleke safari ndefu kabla haijatengenezwa.

Kumisi nako kunahusiana. Kwenye hii injini plagi zimekaa ndani ya vishimo katikati ya tapeti kava, na kila kishimo kina mpira wake wa duara. Ukichoka, oili inajaa kwenye kishimo, inalowesha mpira wa waya wa plagi, moto unaruka pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Fundi achomoe waya mmoja mmoja atazame ncha, ikiwa imeloa oili jibu limepatikana.

Nunua seti kamili, gasketi kubwa, mipira minne ya vishimo vya plagi, na zile wosha za mpira zilizo chini ya nati za juu. Hizo wosha watu wanaziacha na ndo zinazoendelea kuvuja baadae. Sehemu zote mbili zinapokutana zifutwe mpaka ziwe kavu kabisa. Silikoni inapakwa kidogo tu kwenye kona, pale gasketi inapopanda juu ya kepu ya kemshafti, basi. Ukiona fundi anazungushia silikoni gasketi nzima kama anapamba keki mzuie kwa upole, kwa sababu inayobanwa kwa ndani inakatika vipande, inaanguka kwenye sampu, inaenda kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo unatoka kwenye kuvuja unaingia kwenye kuua injini.

Nati zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, na mkono mwepesi. Kipimo chake ni kama nyutoni mita (Nm) 6 tu, yaani kifundo cha mkono, sio bega. Wengi wanaona inavuja wanazidi kukaza, kifuniko kinapinda, gasketi inakatika, inavuja zaidi. Na waambie wakaushe vile vishimo kabla ya kutoa plagi, la sivyo oili yote itamwagikia ndani ya silinda.

Swali: Hujambo fundi. Nasoma nikiwa Mombasa, niko na Probox. Inatokwa na oili pande ile ya mikanda. Makanika aliniambia niweke oili nzito ya 20W-50 na chupa ya dawa ya kuziba, niachane na kufungua. Wasemaje?

Jibu: Sijambo ndugu. Dawa zile nyingi zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira, kwa hiyo kama kinachovuja ni sili ya mpira iliyokauka inaweza kukupa miezi kadhaa, sikatai. Lakini Probox yenye injini ya 1NZ inatumia cheni, na kava la cheni halina gasketi ya mpira bali limebandikwa kwa silikoni maalumu. Silikoni ikiachia hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Mwambie makanika aoshe kwanza aone kama ni sili ya krenki nyuma ya puli, hiyo ni kazi ndogo, puli inatoka na sili inavutwa, au ni kava lenyewe, hapo ni kufungua na kubandika upya.

Oili nzito siipendi kwenye hiyo injini. Imetengenezwa kutumia oili nyepesi kama 5W-30, ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili hiyohiyo, na asubuhi ukiwasha oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti. Utapunguza doa chini ya gari huku unaongeza kusagika juu. Na kwa mwenye injini ya mkanda wa taiming kama hizo 5A za juu, usisubiri hata siku moja sili ya mbele ikivuja, oili inakula mpira wa mkanda.

Swali: Fundi, boliti ya kumwagia oili kwenye sampu inazunguka tu haikazi, dereva wangu kafunga utepe mweupe wa mabomba ya maji. Niko Dodoma.

Jibu: Utepe ule utoe. Nyuzi zimekufa, mara nyingi kwa sababu ya watu kukaza na bomba refu juu ya spana kila sevisi. Njia nafuu ni boliti ya saizi kubwa kidogo inayojichongea nyuzi mpya, nzuri zaidi ni kuweka nyuzi mpya za chuma kwa mchonga vyuma, na kama tundu limepanuka sana badilisha sampu, zilizotumika zinapatikana. Ikishapona, kila ukimwaga oili weka wosha mpya, na boliti ikazwe kwa kipimo cha gari yako, kwa Toyota ndogo nyingi ni kama Nm 37 tu, spana fupi ya kawaida inatosha. Gari iwe juu ya stendi na sio jeki peke yake fundi anapoingia chini, na usiku laza boksi lililofunguliwa chini ya gari, asubuhi yake uangalie kama limebaki kavu.